Trei ina A4, mteja anataka A4, printa inadai Letter: nani kaamua?

#1 rimu_tano

Wakuu, habari za jioni.

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, huu mwaka wa sita. Leo naleta jambo linalonila muda na tona kila wiki, na najua siko peke yangu.

Saa nane mchana kaja binti na laptopu yake, ana ripoti ya utafiti ya kurasa 84, anatakiwa kuikabidhi saa kumi. Flashi yake imegoma, nikamwambia tuchomeke waya wa printa kwenye mashine yake moja kwa moja. Kabonyeza print. Printa ikanguruma kama inataka kuanza, ikanyamaza. Taa ya chungwa ikaanza kuwaka na kuzima, kioo kikaandika: pakia Letter, trei ya 2.

Trei ya 2 ina A4. Rimu nimeipasua asubuhi. Dukani kwangu hakuna karatasi ya Letter, ule ukubwa wa Kimarekani, hata moja, na sijui duka lolote mjini hapa linaloiuza. Nikabonyeza OK, ikatoa ukurasa mmoja, ikasimama tena. OK, ukurasa. OK, ukurasa. Nikahesabu mpaka saba, nikaona hapa nitakesha.

Basi nikafungua faili lenyewe, nikabadilisha ukubwa wa ukurasa kuwa A4. Kurasa 84 zikawa 81. Yaliyomo bado yanasema Sura ya Nne iko ukurasa wa 52, kumbe imehamia 50. Jedwali lililokuwa limetulia ukurasa mmoja limekatika, kichwa huku, mwili kule. Binti akabaki ananitazama kama mimi ndiye niliyemharibia. Tulimaliza saa tisa na dakika hamsini, akaondoka mbio na karatasi bado za moto.

Sasa hoja yangu. Yule binti hajawahi kuchagua Letter maishani mwake. Laptopu ni ya mtumba, imekuja na Kiingereza cha Marekani, naye kaiacha hivyo hivyo kwa sababu kazi inafanyika. Mfumo endeshi ukaona lugha, ukahitimisha: huyu anasoma Kiingereza cha Marekani, basi na karatasi yake ni ya Marekani. Ni kama kuoa halafu ukute mashemeji wameshahamia sebuleni.

Naomba wajuzi mnieleze: mfumo unaamuaje ukubwa wa karatasi? Na ilitakiwa uamuliwe na nini?

#2 Chai_Rangi

Nipo siti ya mbele, ila kwanza niwachekeshe. Ofisi niliyoanzia kazi kulikuwa na printa ya zamani, aina ya HP LaserJet, ile ya kuandika PC LOAD LETTER. Bosi akaja mezani kwangu amenuna: "Hiyo mashine inataka barua. Umeandika barua gani hujaipeleka?"

Nilitafuta barua nusu saa.

#3 mtambo_wa_usiku

@Chai_Rangi, wengi wameumia hapo. PC si kompyuta, ni kaseti ya karatasi, yaani trei. Letter ni ukubwa. Ilikuwa inasema tu "tia karatasi ya Letter kwenye trei".

@rimu_tano, swali zuri. Nianze na vipimo ili tuzungumze kitu kimoja. A4 ni milimita 210 kwa 297. Letter ni inchi 8.5 kwa 11, yaani milimita 215.9 kwa 279.4. Letter ni pana kidogo na fupi. Tofauti ya upana ni milimita 6 hivi, ya urefu karibu 18. Ndiyo maana kwa macho zinafanana, na ndiyo maana zinasumbua: zingekuwa mbali kama A4 na A5, kila mtu angeona kosa kabla hajabonyeza.

Sasa nani anaamua. Kwenye Windows, kila mpangilio wa lugha na nchi umebeba namba ya karatasi. 1 ni Letter, 9 ni A4. Ukifungua rejista, yaani ghala la setingi za Windows, chini ya Control Panel\International, utakuta kitu kinaitwa iPaperSize. Kwa Kiingereza cha Marekani imeandikwa 1. Kwa Kiswahili cha Tanzania, 9. Kwa Kiingereza cha Kenya au cha Tanzania, 9 pia. Draiva (programu inayoiendesha printa) na programu za kuandikia zinaweza kuisoma namba hiyo zikaanzia hapo.

Kwenye Linux, ule mfumo endeshi mwingine, setingi ya karatasi inaitwa LC_PAPER. Fungua tamino, dirisha la kuandikia amri, uandike:

locale -k LC_PAPER

Ukiona height=279 na width=216, wewe ni Mmarekani hata kama unaandika kutoka Kibaigwa. Ukiona 297 na 210, uko salama.

Kuna njia ya mkato ambayo haihitaji tamino wala rejista. Angalia tarehe kwenye kona ya chini kulia ya mashine ya mteja. Mwezi ukitangulia siku, jiandae kuombwa Letter. Tarehe na karatasi vimefungwa kamba moja.

#4 rimu_tano

Hiyo ya tarehe imeniingia. Kesho naifanyia kazi mlangoni kabla mteja hajakaa.

#5 Saiba_ya_Likoni

Ndugu zangu wa Bara, salaam kutoka Mombasa. Kwa heshima zote, naona mwafanya mlima. Mimi nina saiba, mashine tisa. Nilipozinunua niliingia "Printing Preferences", nikaweka A4, basi. Sijaona tena hiyo Letter. Jambo la dakika mbili mwalifanyia uzi mzima?

#6 mtambo_wa_usiku

@Saiba_ya_Likoni, swali moja tu: mashine zako zina akaunti ngapi za watumiaji?

#7 Saiba_ya_Likoni

Moja. Wateja wote waingia humo humo.

#8 mtambo_wa_usiku

Ndiyo maana umelala usingizi. "Printing Preferences" ni ya mtumiaji aliyeingia. Akija mwingine na akaunti yake, anaanza na kilichoandikwa kwenye "Printing Defaults", ambayo imejificha ndani ya "Printer properties", kichupo cha "Advanced". Ofisi yenye watu ishirini kwenye mashine za pamoja, ukiweka ile ya kwanza tu umejitibu peke yako.

Na hapo tunaongelea printa. Hati yenyewe ina ukubwa wake ndani. PDF ikija imeshaokwa kwa Letter, setingi yako ya A4 haiigeuzi hati. Ama inaibana iingie, ama inaikata pembeni, ama printa inasimama kama ya rimu_tano.

#9 Saiba_ya_Likoni

Sawa, hapo nimekuelewa bwana. Kweli zile za PDF hunijia, na mimi hubonyeza "Fit" bila kufikiri.

#10 fundi_sindano

Hiyo "Fit" msiibonyeze bila kufikiri jamani, mimi imenitia hasara.

Mimi ni fundi nguo. Siku hizi ruwaza za magauni nanunua mtandaoni, inakuja PDF ya kurasa thelathini na kitu, unaprinti, unaunganisha kwa gundi, unapata ruwaza ya ukubwa wa mtu. Ukurasa wa kwanza wanaweka kiboksi cha kupimia, cha inchi 2 kwa 2. Unaprinti ukurasa huo peke yake kwanza, unaweka rula. Mimi siku hiyo nilikuwa na haraka ya sare za harusi, nikamwachia kijana wa steshenari aprinti zote.

Ruwaza ilikuwa ya Letter. Mashine ikaibana iingie kwenye A4. 210 ukigawa kwa 215.9 unapata asilimia 97 na kidogo. Mtu atasema asilimia 3 ni nini? Kwenye kila sentimita 100 zimeliwa karibu 3. Kiuno cha 96 kimekuwa 93. Nimekata kitambaa cha bi harusi, cha bei ambayo sitaki hata kuitaja, nimeshona, siku ya kujaribisha zipu haipandi. Kila mtu anamtazama yule binti kama kanenepa ghafla. Maskini na yeye akaanza kuamini.

Usiku nikakitafuta kile kiboksi, nikaweka rula. Kilitakiwa kisome milimita 50.8. Kilisoma 49 na nusu haifiki.

Kwa hiyo rimu_tano, mimi sitaki mashine iniamulie kimya kimya hata ikiamua A4. Ingesimama ikaniuliza, ningeshukuru.

#11 rimu_tano

Dada pole sana. Umenivuruga hoja yangu lakini umeivuruga vizuri. Mimi nalia kwa nini imesimama, wewe unalia kwa nini haikusimama.

#12 Mwana_wa_Ilala

Wakuu, mimi niko Minneapolis mwaka wa kumi na moja, na nina kinyume cha matatizo yenu.

Laptopu yangu ya nyumbani nimeiweka Kiswahili cha Tanzania, makusudi, watoto wakipita waione lugha. Menyu zote Kiswahili, tarehe siku kabla ya mwezi, safi kabisa. Huku karatasi madukani ni Letter. Kila nikiprinti barua ya shule ya mtoto, mashine inaamini niko Kariakoo, inapeleka A4. Printa inasimama, inadai A4. Mimi A4 huku niitoe wapi? Labda niagize kwa kontena.

Kwa hiyo yule binti wa Morogoro kaonekana Mmarekani kwa sababu ya Kiingereza, na mimi nimeonekana niko Kariakoo kwa sababu ya Kiswahili. Kanuni ni hiyo hiyo moja na imetukosea wote wawili.

#13 Chai_Rangi

Badilishaneni printa.

#14 Bukavu_Juu

Jambo sana ndugu zangu. Sisi huku Bukavu kompyuta karibu zote ziko kwa Kifaransa, na shida hii hatuijuaki. Nilikuwa nadhani ni juu tunanunua printa nzuri, leo nimeelewa ni juu Kifaransa cha Ufaransa kinakuja na A4. Ni bahati tu. Kuna ndugu yangu mmoja alitumiwa mashine toka Montréal, nayo ni Kifaransa vilevile, lakini ile ilikuwa inaomba Letter kila siku. Tulilaumu printa miezi mingi.

#15 mtambo_wa_usiku

@Bukavu_Juu, huo mfano wa Montréal ni dhahabu. Lugha moja, nchi mbili, karatasi mbili. Kanada wanatumia Letter.

Kinachoniudhi ni kwamba habari sahihi ipo. Unicode, wale wanaoweka viwango vya maandishi ya kompyuta, wana hazina ya data za lugha na nchi inayoitwa CLDR, na ndani yake kuna orodha ya karatasi iliyopangwa kwa nchi, wala si kwa lugha. Kwanza wanaiandikia dunia nzima, namba 001: A4. Kisha wanataja wachache wa Letter: Marekani, Kanada, Meksiko, Ufilipino, Kolombia, Chile, Venezuela na majirani kadhaa wa Amerika ya Kati. Basi. Orodha inaingia kwenye kiganja.

Tatizo ni jinsi mfumo unavyoifikia nchi. Badala ya kukuuliza uko wapi, unasoma herufi mbili za mwisho kwenye jina la lugha. en_US, yaani Kiingereza cha Marekani, umeshahukumiwa. Na kwenye Linux ninayotumia mimi, ukiorodhesha lugha zenye TZ unaikuta sw_TZ, lakini en_TZ haipo. Kwa hiyo Mtanzania anayetaka menyu za Kiingereza hana pa kwenda, anaangukia en_US kwa kuwa ndiyo iko juu ya orodha. Wakati huohuo dakika mbili kabla, programu ya usakinishaji ilimwonyesha ramani, akabonyeza Dar es Salaam ili saa iwe sawa. Mashine inajua yuko wapi! Saa imeiweka ya Afrika Mashariki, karatasi imeiweka ya Marekani.

#16 Mwana_wa_Ilala

Kwa hiyo watumie ukanda wa saa. Mimi wangeniona America/Chicago wakanipa Letter, binti wangemwona Africa/Dar_es_Salaam wakampa A4. Kesi imekwisha.

#17 Saiba_ya_Likoni

Ngoja, usifunge jalada bado. Kuna watalii huja hapa na laptopu zao, saa hubadilika zenyewe wakitua tu. Mzungu wa Marekani akikaa wiki mbili Diani akiandika ripoti ya kupeleka kwao, wataka hati yake igeuke A4 kwa sababu yuko pwani? Atarudi kwao aprinti, chini kukatike. A4 ni ndefu kuliko Letter kwa vidole viwili hivi vyembamba. Mstari wa chini na namba ya ukurasa vyaweza kwenda na maji.

#18 rimu_tano

Hapo umesema kitu kikubwa kuliko ulivyokusudia. Nimekaa nakitafuna tangu asubuhi.

Naona tunachanganya maswali mawili. La kwanza: hati mpya ninayoianza sasa hivi, ukurasa wake uwe mkubwa kiasi gani? La pili: kazi inayokwenda printa hii sasa hivi, itoke kwenye karatasi gani? La kwanza linahusu hati itasomewa wapi. La pili linahusu trei ina nini. Mfumo unayajibu yote mawili kwa jibu moja, tena jibu limetoka kwenye lugha, ambayo haihusiki na lolote kati ya hayo.

Kwa swali la pili, mimi kama mwenye duka nasema trei ndiyo yenye kauli. Karatasi iliyopo ndiyo iliyopo. Je, kompyuta haiwezi kuiuliza printa?

#19 mtambo_wa_usiku

Inaweza, na ndilo linalonifurahisha kwenye uzi huu. Printa za mtandao za miaka hii zinaongea itifaki ya IPP, lugha ya kuzungumza kompyuta na printa, na ndani yake kuna maneno mawili ya kujua. media-default ni karatasi ambayo printa inadhani ndiyo ya kawaida yake. media-ready ni karatasi iliyopakiwa sasa hivi. Kompyuta ikiuliza, printa inajibu kwa majina kama iso_a4_210x297mm au na_letter_8.5x11in. Hiyo "na" si kiunganishi chetu, ni Amerika Kaskazini.

Lakini msishangilie. Printa kubwa ya ofisi ina vibanio kwenye trei, ukivisogeza inajua umeweka nini. Printa ndogo ya dukani, ile ya kupakia kwa nyuma, haina macho. Inajibu kile ilichoambiwa kiwandani au ulichokichagua kwenye menyu yake siku ya kwanza. Kama hukuchagua, inaweza kukuapia kwamba ina Letter huku imekumbatia A4. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu kompyuta, ingia kwenye menyu ya printa yenyewe, weka karatasi ya kila trei. Watu wengi hawajawahi kuifungua menyu hiyo.

Kwa wa Linux, printa zinasimamiwa na huduma inayoitwa CUPS. Ukiunda printa mpya, CUPS inaangalia mstari wa DefaultPaperSize kwenye faili lake la setingi, cupsd.conf. Usipouandika, unahesabiwa kuwa Auto, na Auto maana yake ni kurudi kule kule kwenye lugha. Tena lugha ya mfumo, kwa sababu huduma hiyo inawaka kabla wewe hujaingia. Ndiyo maana mtu anabadilisha lugha yake, anatoka, anaingia, printa bado inaimba Letter. Andika DefaultPaperSize A4. Kwa printa ambayo tayari ipo na inatumia faili la PPD, lile la maelezo ya printa:

sudo lpadmin -p jina_la_printa -o PageSize=A4

Kwa hati mpya, Debian, aina mojawapo ya Linux, na ndugu zake wana faili /etc/papersize, ndani yake neno moja tu, a4. Na ukitaka kubaki na Kiingereza chako lakini karatasi iwe ya kwenu, weka LC_PAPER=sw_TZ peke yake, mengine yaache. Mwana_wa_Ilala afanye kinyume: lugha sw_TZ, LC_PAPER=en_US.UTF-8. Watoto wataendelea kuona Kiswahili.

Kwenye Mac ni rahisi zaidi: Printers & Scanners, chini kuna kisanduku cha ukubwa wa karatasi, unachagua, umemaliza. Nikiri, hapo wamefanya kitu ambacho wengine wote walitakiwa kufanya: wameitoa karatasi kwenye lugha wakaipa kisanduku chake.

#20 mzee_fulskepu

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nilikuwa karani, nimestaafu. Mnagombana A4 na Letter, sisi tulianza na fulskepu. Inchi 8 kwa 13. Jina lile limetokana na chapa ya maji ya zamani, kofia ya mchekeshaji yenye njuga, ilikuwa ikionekana ukiinua karatasi kwenye mwanga. Mwingereza alituachia karatasi na mafaili yake, na A4 ilipoingia mafaili hayakubadilika. Ndiyo maana mpaka leo ukifungua faili la ofisi la zamani, A4 inaelea ndani kama mtoto kavaa koti la baba.

A4 nilikuja kuipenda kwa hesabu yake. Ikunje katikati upate A5, umbo halibadiliki. Hilo umbo la mzizi wa mbili, yaani urefu ni upana mara mzizi wa mbili, alilisifu Mjerumani Lichtenberg kwenye barua ya mwaka 1786, na Mjerumani mwingine, Walter Porstmann, akalijengea utaratibu uliotoka kama kiwango cha Ujerumani, DIN 476, mwaka 1922. Kiwango cha kimataifa, ISO 216, kilifuata mwaka 1975. A0 ni mita moja ya mraba, A4 ni sehemu yake ya 16. Karatasi ya gramu 80 kwa mita, basi A4 moja ni gramu 5. Karatasi nne, gramu 20. Nilikuwa najua uzito wa barua kwa kuhesabu tu, mizani ya nini? Rimu moja kilo mbili na nusu, mkichukua kumi kwenye baiskeli mjue mmebeba kilo 25.

Letter haina hesabu hiyo. Hata serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa na ukubwa wake mwingine, inchi 8 kwa 10 na nusu, mpaka wakati wa Rais Reagan ndipo wakaingia kwenye Letter ya kila mtu. Sisemi ni mbaya. Nasema haikushuka kutoka mbinguni.

#21 fundi_sindano

Mzee shikamoo. Hiyo ya kilo 25 kwenye baiskeli umenikumbusha marehemu baba.

#22 mzee_fulskepu

Marahaba mwanangu. Zipu ilipanda mwishowe?

#23 fundi_sindano

Niliachia mishono ya ubavuni, Mungu saidia nilikuwa nimeacha pindo kubwa. Ilipanda siku mbili kabla ya harusi.

#24 Saiba_ya_Likoni

Nimerudi. Nimekagua mashine zote tisa kwa ile dawa ya tarehe. Sita zaandika mwezi kabla ya siku. Mimi nikijiona fundi! Nimezigeuza kuwa Kiingereza cha Kenya.

Lakini rimu_tano, hujajibu la dada. Trei ikiwa ndiyo yenye kauli, na hati ikaja na Letter, mashine ifanye nini? Ibane au isimame?

#25 rimu_tano

Nimeliwaza. Isibane kimya, na isisimame kwenye printa.

Kosa la kwanza ni mahali pa kuuliza. Printa iko pembeni, kioo chake ni kidogo kama cha saa ya mkononi, na ofisini inaweza kuwa chumba kingine kabisa. Aliyebonyeza yuko mbele ya kompyuta, kidole bado kiko juu ya kipanya. Hapo ndipo pa kumwambia: hati hii ni Letter, trei ina A4, tuibane iwe asilimia 97 au tuiache ukubwa wake? Mara moja tu, kabla kazi haijaondoka. Fundi angesoma 97 akashtuka. Mimi ningesoma nikabonyeza bana, kwa sababu ripoti haivaliwi.

Na kama printa haina macho, mfumo uangalie alichochagua mtu kwa mkono wake mara ya mwisho kwenye printa hiyo. Kama hajachagua, nchi aliyojaza. Lugha ije mwisho kabisa, baada ya vyote kushindikana. Hati mpya ndiyo ifuate nchi ya mwenyewe, ile aliyoisema, wala isihamehame na saa kila ndege ikitua. Mmarekani wa Diani abaki na Letter yake.

#26 mtambo_wa_usiku

Nakubali, isipokuwa hapo kwenye kuuliza. Ukimuuliza mtu kila kazi, wiki ya pili atakuwa anabonyeza ndiyo bila kusoma. Muulize pale tu hati na trei zinapotofautiana.

#27 rimu_tano

Ndivyo nilivyomaanisha mkuu. Kwenye duka langu zikikubaliana, isiniambie neno.

#28 Mwana_wa_Ilala

LC_PAPER imekubali. Barua ya shule imetoka bila kelele. Ila nina kabati la hati za nyumbani, vyeti vya kuzaliwa na hati ya kiwanja cha bimkubwa, zote A4, na mafaili ya huku yamekatwa kwa Letter. Kila hati ya Tanzania imechomoza sentimita moja na zaidi juu. Nikitaka karatasi ya nyumbani sisomi hata lebo, natafuta masikio.

#29 rimu_tano

Mrejesho wakuu. Yule binti karudi leo, msimamizi kamrudishia masahihisho. Kabla hajakaa nikaangalia kona ya laptopu yake: mwezi mbele, siku nyuma. Nikamwomba ruhusa, nikabadilisha kuwa Kiingereza cha Tanzania, nikaweka A4 kwenye hati, nikayasasisha yaliyomo kwa kitufe cha F9, tukaprinti kurasa zote bila taa kuwaka hata mara moja.

Kalipa, kaondoka. Baada ya robo saa karudi na laptopu mkononi, amekunja uso: "Kaka, umeniharibia tarehe. Mbona imegeuka?"